Seva Iliyoganda Mbele ya Bodi

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za kazini si ya mtangazaji wala ya wimbo wa kufungulia matangazo. Ni ya sidii ya kuwekea mfumo ikizunguka ndani ya seva. Inaanza na vuuu, kama feni ya mezani iliyowashwa namba tatu. Inakwaruza kidogo, krr, krr, maana yake inasoma. Halafu kama mashine imeamua kuganda, ile sidii inapunguza mwendo yenyewe, taratibu, bila kuambiwa na mtu, mpaka kimya. Kioo kinabaki na maneno yaleyale. Hakuna moshi, hakuna mlio wa kuharibika. Mpaka leo jirani akizima feni yake nageuza shingo.

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana kichwani sina hata unywele mmoja mweupe, na wenzangu niliosoma nao shule ya Litapunga bado wananyonyesha. Barua yenyewe haisemi kustaafu, inasema nafasi yangu imepunguzwa. Redio yetu hapa Mpanda imefunga chumba cha mashine. Vipindi sasa vinahifadhiwa huko mtandaoni, mahali ambapo hakuna mtu wa kupangusa vumbi. Lakini mimi nasema nimestaafu kwa sababu neno hilo lina kiti na mto wa kuegemea. Halafu nina mipango. Nina banda la kuku linalosubiri bati, na nina ndoto ya ofisi yangu ya ufundi yenye mlango wa kioo, hata kama kioo chenyewe kitakuwa cha dirisha la mtu aliyehama.

Kabla ya kuku na kabla ya mlango wa kioo, nawaandikia nyie mnaobaki na mashine za hospitali, za shule na za vyama vya tumbaku. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwanza haitachukua hata mstari. Nataka mjue jinsi kazi hii inavyoshikwa, na jinsi ilivyomla fundi mmoja.

Sikuja redioni kwa ajili ya mashine. Nilikuja kutangaza. Nyumbani nilikuwa nasoma maandishi ya mifuko ya mbolea kwa sauti ya taarifa ya habari, na bibi yangu akinijibu kwa Kirundi kwamba habari hizo ameshazisikia. Matokeo ya kidato cha nne hayakunibeba, lakini nilijua sauti ninayo. Aliyenipima sauti alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, kisha akasema sauti ni nzuri ila imetoka Burundi. Mimi nimezaliwa Nsimbo. Mama yangu kazaliwa Nsimbo. Nikamwambia hivyo, akasema basi nikamsaidie Mzee Yotamu kule nyuma, huko hakuna anayesikiliza lafudhi.

Kule nyuma kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, kabati la chuma lenye mashine ndani, na mzee mfupi aliyevaa sweta wakati wa joto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeletwa, au umefukuzwa huko mbele?"

"Nimeletwa."

"Wote wanasema hivyo. Shika hilo bati."

Nikashika ubavu wa kabati. Nikangoja kuambiwa kingine.

"Basi. Umeshaisalimia," akasema. "Mwilini mwako una umeme kidogo wa nguo na nywele. Ukigusa ndani ya mashine kabla ya kugusa bati, huo umeme unaingia kwenye vitu vidogo na kuviua, na hutajua kama ni wewe. Kwa hiyo kila siku, kwanza salamu."

Sikucheka. Mimi ni mtu wa kuamini vitu vya namna hiyo. Tangu siku ile sijawahi kufungua mashine bila kuishika bati kwanza, na nikiwa peke yangu naiambia shikamoo kabisa.

Mzee Yotamu alikuwa Mbende wa Karema. Ufundi aliuanzia kule ziwani, kwenye jenereta na redio za upepo za misheni, akaja Mpanda akiwa tayari na mke na bisibisi. Vifaa vyake vilienea kwenye kopo la maziwa: brashi ya rangi isiyowahi kuona rangi, kifutio cha penseli, bisibisi mbili zilizofungwa mpira wa baiskeli kwenye mpini, na kipande cha kitenge cha mkewe kwa ajili ya vumbi. Kifutio kilikuwa dawa ya nusu ya magonjwa yetu. Mashine ikikataa kuwaka, tulichomoa ramu, vile vipande vya kumbukumbu, tukasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio mpaka yang'ae, tukarudisha. Vumbi la Mpanda ni jekundu na linapita hata palipofungwa. Mara moja tulikuta sisimizi wamehamia ndani ya kisanduku cha umeme cha kompyuta ya habari, na mayai yao. Mzee aliwahamisha na brashi hadi nje, mmoja mmoja, akisema hao angalau wamekuja kutafuta joto, wengine hapa ofisini hatujui walikuja kutafuta nini.

Somo lake la pili nawapa nyie bure. Kioo kikisimama, usiseme imeganda kabla hujaiuliza. Unaiuliza hivi: bonyeza kile kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine iko hai, inafikiria tu, kaa chini usubiri. Taa isipobadilika, hapo ndipo imeganda, hata ukisubiri hadi mavuno hutapata kitu. Nimeona vijana wenye vyeti wakizima mashine iliyokuwa hai kwa kukosa subira, na wengine wakikesha na iliyokufa.

Sasa niwaeleze ile kesi.

Seva yetu ililetwa na wafadhili ikiwa imeshazeeka kwao. Ndani yake mlikuwa na vipindi vyote tangu redio inaanza: salamu za wasikilizaji, nyimbo za kwaya, mazungumzo na wazee wa Mpimbwe na Karema, matangazo ya watu waliopotezana na ndugu. Ikaja programu mpya ya kupanga vipindi, na programu hiyo ilitaka mfumo mpya. Meneja alitaka inunuliwe mashine nyingine. Mzee Yotamu akamwambia haina haja, hii ya zamani bado ina nguvu, aachiwe aweke mfumo mpya juu yake. Mkataba wa mzee ulikuwa unaelekea mwisho. Mjumbe wa bodi aliyekuwa akisimamia mambo yetu, mtu wa duka la vifaa vya ujenzi, akasema sawa: mashine ikikubali, mzee anaongezewa mkataba. Ikikataa, hakuna haja ya kuwa na fundi asiyeweza kupiga windo, ndivyo watu wanavyoita kuweka mfumo. Alisema hivyo mbele yetu, akitabasamu, kama mtu anayepanga dau la soda.

Mzee akaitoa seva kwenye kabati lake, tukaibeba wawili, tukaiweka juu ya meza ya chumba cha kurekodia ili apate nafasi ya kuifungua. Kule kabatini ilikuwa imechomekwa kwenye betri kubwa ya akiba. Pale mezani tuliichomeka ukutani, kama kompyuta nyingine yoyote. Kumbukeni hilo.

Tukaweka sidii. Vuuu, krr, krr. Maneno meupe yakapanda kwenye kioo, yakafika mahali inapokagua vifaa vya kuhifadhia, yakasimama. Sidii ikapungua mwendo, kimya. Kitufe cha herufi kubwa, taa haikubadilika.

Siku zile tulijaribu kila kitu. Tulichoma sidii nyingine kwa mwendo wa polepole, tukidhani ya kwanza ina kasoro. Tulijaribu flashi, mashine haikuitambua kabisa, ni ya kizazi cha kabla ya flashi. Tulitoa ramu zote tukaacha moja, tukabadilisha na nyingine, tukasugua kwa kifutio. Tuliongeza lile neno la kuiambia isijishughulishe na mambo ya picha, iandike maandishi tu, maana mashine za zamani nyingi hufia kwenye picha. Ikaganda palepale. Mzee hakuwahi kuipiga kofi wala kuitukana. Alikuwa akikuna kidevu na kusema, "Kuna kitu unakingoja, mama. Sema unakingoja nini."

Alikipata mchana mmoja wakati wenzetu wamekwenda kula. Aliwasha mashine, akaingia kwenye ule ukurasa wa ndani wa mipangilio, wa kijivu, unaokaa chini ya kila kitu hata kabla mfumo haujaamka. Akapita mstari mmoja mmoja kwa kidole. Akasimama.

"Binti, njoo. Hapa pameandikwa nini?"

"Mlango wa disketi. Upo."

"Na disketi yenyewe iko wapi?"

Nikaangalia mbele ya mashine. Pale palipopaswa kuwa na tundu la disketi, zile kadi za plastiki za kuhifadhia za zamani, palikuwa na kifuniko cha plastiki. Kifaa chenyewe kilishatolewa zamani, labda huko kwa wafadhili. Lakini mashine ilikuwa bado inasema kipo. Mfumo wa zamani haukujali. Huu mpya ulikuwa unabisha hodi kwenye mlango wa kitu kisichokuwepo, unasubiri kuitikiwa.

Akabadilisha ule mstari ukasomeka haupo. Akahifadhi. Akaweka sidii.

Vuuu, krr, krr, krr, krr. Maneno yakapanda, yakapita pale pa siku zote, yakaendelea. Kioo kikageuka bluu, ikatuuliza tunataka lugha gani. Nilimkumbatia mzee yule, na sweta lake.

Tungeendelea wakati ule ule, ingekuwa imekwisha kabla ya chai. Mzee akaizima.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Vipindi nimevihamisha kwenye diski ya nje, lakini bado sijavisikiliza vyote kama vimehama salama. Humu kuna watu. Hawafutwi kwa sababu mimi nina haraka. Leo nitamaliza kusikiliza. Kesho Meneja na mjumbe waje, tuanze mwanzo mbele yao, waone wenyewe."

Akakaa jioni yote na visikio masikioni, akisikiliza kidogo kila kipindi. Akifika kwenye wimbo wa kwaya alioupenda alisikiliza zaidi ya kidogo.

Asubuhi wakaja. Meneja na daftari lake, mjumbe na funguo za gari mkononi, gari lenyewe likinguruma nje. Zuhura, mtangazaji wetu wa asubuhi, aliingia na chupa ya chai akasimama mlangoni kutazama. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe.

Akaishika bati. Akawasha. Kioo chetu kilikuwa cha zamani, kinachelewa kuamka, kwa hiyo maneno ya mwanzo huwa hatuyaoni. Akaweka sidii. Vuuu, krr, krr. Maneno yakapanda, yakafika palepale, yakasimama. Sidii ikaanza kupunguza mwendo.

Mzee akabonyeza kitufe. Akatazama taa. Akabonyeza tena.

"Hii ndiyo inayofanya kazi?" mjumbe akauliza.

"Jana ilipita," Mzee Yotamu akasema.

"Jana."

"Binti huyu alikuwepo. Ilipita hadi kwenye lugha."

"Ni kweli," nikasema. "Niliona."

"Mzee wangu, mimi nikimwuzia mtu saruji iliyoganda, siwezi kumwambia jana ilikuwa unga," mjumbe akasema. Meneja akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayelipwa. Zuhura akacheka zaidi.

Mzee akajaribu tena, na tena. Alikuwa anarudia kitu kilekile, yeye aliyenifundisha nisirudie kitu kilekile mara mbili nikitegemea jibu jingine. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini hakurudi kwenye ule ukurasa wa kijivu. Nafikiri mtu akishaweka kitu kwa mikono yake mwenyewe, mikono ndiyo ya mwisho kuishuku. Halafu lile gari lilikuwa linanguruma. Mjumbe akatazama saa, akampigia Meneja jicho, wakatoka.

Barua ilimfikia wiki ileile.

Hiyo ingetosha. Lakini sisi tulikuwa redio. Asubuhi iliyofuata Zuhura alikuwa hewani na kipindi chake cha mahusiano, na mimi nilikuwa nyuma nasikiliza. Akasema, "Kama penzi lako limestaki, limekwama kabisa, mpenzi msikilizaji, usimwite fundi wetu Mzee Yotamu. Atakwambia jana lilipita." Aliyekuwa naye studioni akaangua kicheko. Wakalirudia jioni. Wasikilizaji wakatuma ujumbe, Mzee Staki hivi, Mzee Staki vile. Sauti yetu inafika Kakese, inafika Nsimbo, hali ya hewa ikiwa nzuri inafika hadi Karema. Kwa hiyo alikozaliwa walisikia, na alikohamia walisikia, na shule wanakosoma wajukuu zake walisikia. Sokoni mtu akishindwa kuwasha pikipiki, mwenzake anamwambia, jana ilipita. Mpaka leo wanasema, na wengi hawajui neno lilitoka kwa nani.

Baada ya mzee kuondoka, seva ilibaki pale mezani. Mimi sikuweza kuipita bila kuitazama. Siku moja baada ya kazi za mchana nikaiwasha, nikaingia kwenye ukurasa wa kijivu mwenyewe, nikashuka kwa kidole kama alivyokuwa akifanya. Mlango wa disketi: upo. Nilijua nilimwona akiuondoa. Nikapandisha macho juu ya ukurasa, penye tarehe, ambako siku ile, kwa kuhangaikia disketi, hatukuangalia. Ilikuwa Januari mosi ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaanza darasa la kwanza.

Nikaketi chini.

Nyie mnaoanza, sikilizeni. Ndani ya mashine kuna kibetri bapa, mfano wa sarafu. Ndicho kinachoshika saa na ile mipangilio ya kijivu wakati umeme haupo. Kikifa, mashine ikiwa imechomekwa ukutani haioneshi dalili, hata ukiizima, maana kuna umeme kidogo unaoendelea kuingia. Ukichomoa waya, inasahau yote na kurudi ilivyotoka kiwandani. Inalalamika kwenye maneno ya mwanzo tu, yale ambayo kioo chetu kilichelewa kuyaonesha. Kiwandani ilitoka na disketi. Mzee alikuwa amekibadilisha kibetri hicho mwenyewe mwaka uliotangulia, alikinunua mjini, kwa hiyo hakukishuku. Kumbe kilikuwa kimezeekea dukani.

Na waya ni nani aliuchomoa? Hilo halikuhitaji kuchunguza. Sisi wa Mpanda tuliishi miaka mingi na umeme wa majenereta ambao ukikatika, unarudi kwa hasira. Kila nyumba imewahi kuunguza kitu. Redioni pia tuliunguziwa mtambo wa kuchanganyia sauti, na tangu hapo Meneja alijiwekea kazi: kila jioni anazunguka ofisi nzima na kuchomoa kila waya ulio ukutani, na asubuhi anawahi kabla yetu na kuichomeka yote. Yeye ndiye wa mwisho kutoka na wa kwanza kuingia. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo, nasema kweli. Kabati la seva hakuligusa, kwa sababu ya betri ya akiba. Lakini siku zile seva ilikuwa mezani, ukutani, kama nyingine. Na kwa sababu alikuwa akiirudisha kabla hatujafika, sisi hatukuona.

Nikamfuata ofisini kwake.

"Meneja, samahani. Ile jioni kabla mjumbe hajaja, ulichomoa na ile ya mezani?"

"Nilichomoa zote. Ndiyo kawaida yangu, unanijua."

"Basi ndiyo ilifanya igande."

Nikamweleza. Nikamwomba aje aone. Akaja, huyo sio mtu mbaya. Nikaondoa mlango wa disketi mbele yake, nikahifadhi, nikaweka sidii. Ikapita. Ikatuuliza lugha. Meneja akakitazama kile kioo cha bluu, mikono mfukoni.

"Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyemharibia."

Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nayo, vyote viwili kifuani.

"Dada, sikiliza," akasema. "Mashine mpya imeshaagizwa, bodi imeshasaini. Mjumbe ndiye amesimamia. Nikienda leo kumwambia fundi hakuwa na kosa, kosa lilikuwa mkono wangu, nani atabaki hapa? Na mzee kazini harudi hata hivyo, mkataba wake ulikuwa unaisha."

"Angalau isemwe redioni. Neno moja tu."

"Tutaona."

Hilo tutaona nalijua. Ndilo nililoambiwa kila nilipoomba tena kutangaza.

Nilikwenda kwa Zuhura pia. Nilidhani mtu anayecheka sana atakuwa na moyo mwepesi. Akaniambia, "Mdogo wangu, ule ulikuwa utani. Ukianza kuelezea utani hewani, na betri, na disketi, unaua kipindi. Nitautafutia nafasi." Hakuutafutia. Kila nikimkumbusha alinishika bega na kuniambia nina moyo mzuri, kama mtu anayekupa pipi uondoke.

Nikapanda bodaboda hadi Kakese, nyumbani kwa Mzee Yotamu. Nilimkuta mzee kwenye jaruba la mpunga, suruali imekunjwa, anang'oa magugu. Akanawa mikono, tukakaa kwenye tuta. Nikamsimulia kutoka mwanzo: tarehe, kibetri, waya.

"Kibetri," akasema mwishoni.

"Ndiyo mzee."

"Na mimi nilikinunua mwenyewe." Akaokota udongo akaufinyanga. "Ukamwambia nani?"

"Meneja. Zuhura."

"Wakasemaje?"

Nikamwambia. Akaguna.

"Basi usirudie kuwaambia. Watakutoa na wewe, na wewe ndiyo kwanza unaanza kujua."

"Sasa na wewe mzee?"

"Mimi si unaniona, nang'oa magugu." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona yule fundi. "Ulipoiondoa disketi, ilipita hadi wapi?"

"Hadi kwenye lugha."

"Iliuliza ukubwa wa diski?"

"Sikuendelea. Niliogopa kufuta."

"Ulifanya vizuri. Ingeuliza. Baada ya lugha inauliza diski." Akatikisa kichwa polepole. "Ingekubali ile. Nilijua ingekubali."

Nilidhani baada ya kujua ukweli atapona. Hakupona. Jirani akimletea simu au redio, alimwambia, mimi siyo fundi, ipeleke mjini. Lile kopo la maziwa na vifaa vyake mkewe alikuja kunipa mimi, akisema nyumbani linamfanya anyamaze. Alilima mpunga, na alilima vizuri, lakini hakugusa tena kitu chenye waya.

Mimi nikabaki. Mashine mpya ikaja, inang'aa, ikawekwa kabatini. Nikaitunza. Niliisalimia kila siku kama nilivyofundishwa. Kesi nyingine zilikuja, ndogo na kubwa, na nilizitatua nyingi kwa njia zake: kuuliza kwanza, kutorudia kitu kilekile, kusikiliza kabla ya kufuta. Nilikuwa naota kwamba siku moja watanipa dakika tano hewani, za kitu chochote, hata kutangaza mbuzi aliyepotea, na katikati ya mbuzi nitapenyeza ukweli wote. Nilishaipanga kichwani, hata pa kupumua nilipajua. Dakika hizo sikupewa. Sauti yangu iliendelea kutoka Burundi.

Jambo moja nililipata. Nilibandika karatasi kwenye kila mashine ninayoifanyia kazi: usichomoe. Nyie nanyi fanyeni hivyo. Na kibetri kipimeni palepale dukani, kwa mita, muuzaji anune asinune.

Mzee Yotamu alifariki masika yaliyopita. Mazishi yalikuwa Kakese, watu walikuwa wengi, kwaya iliimba. Aliyesoma historia ya marehemu alisema aliwahi kufanya kazi redioni. Nyuma yangu kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Ndiye yule Mzee Staki," na mwenzake akaziba mdomo kwa kiganja ili asicheke msibani. Hawakuwa wabaya. Walikuwa watoto wadogo wakati lile neno linatoka hewani, walilikuta tu likitembea. Niligeuka niwaambie. Kisha nikaona nitaanzia wapi, na jeneza liko pale, na mkewe ananitazama. Nikarudisha uso mbele. Meneja alituma rambirambi. Zuhura siku hizi yuko redio ya Dar, nasikia anapendwa sana.

Siku yangu ya mwisho kazini walininunulia keki ndogo na soda, tukapiga picha. Wakaondoka mapema. Mimi nilikuwa nimebakiza kukabidhi stoo. Kule ndani, chini ya viti vilivyovunjika na bango la zamani, seva ya mzee ilikuwa bado ipo, inasubiri kuuzwa kwa kilo. Nikaitoa. Nikaipangusa. Nilikuwa nimekuja na kibetri kipya kwenye pochi, nilichokipima mwenyewe. Nikakiweka, nikatafuta kioo na kibodi, nikaingia kwenye ukurasa wa kijivu nikaondoa mlango wa disketi. Nikaweka sidii.

Ikazunguka. Ikapita palepale. Ikauliza lugha, nikaichagulia Kiswahili. Ikauliza diski, kama alivyosema. Humo ndani hakukuwa tena na mtu, vipindi vilishahama zamani, nikairuhusu. Ikaandika, ikaandika, sidii haikupungua mwendo hata mara moja. Karibu na mwisho ikataka nijaze jina la mashine, jina ambalo itakuwa inajitambulisha nalo kila ikiwashwa, mradi iko hai. Pale huwa tunaandika seva moja, au ofisi, au hatuandiki kitu.

Niliandika yotamu, kwa herufi ndogo zote, maana kubwa haizipokei hapo, nikabonyeza. Ikapokea, ikaendelea.